Steroli za Mche Unaokonda

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepoa, na shemeji amepunguza kukoroma. Mimi mwili ni mzima. Moyoni nachemka, na usipoambiwa wewe sijui aambiwe nani.

Unalijua swali ninalohangaika nalo tangu niingie maabara hii: mche unapochipua, steroli, yale mafuta ya kujengea utando wa seli zake mpya, huzitengeneza wenyewe, au hutumia akiba iliyomo ndani ya mbegu? Profesa wangu ametangaza kwamba jibu limepatikana: hata gizani, mche huzitengeneza kwa wingi. Vipimo ni vyangu. Hesabu ni yake. Amegawanya steroli kwa uzito mkavu wa mche.

Sasa, Dada, mche wa gizani hula akiba yake na kukonda kila uchao. Mchuzi ukikauka, chumvi huzidi ukali ingawa hakuna aliyeongeza hata punje. Nilipokokotoa upya, kwa kila mche badala ya kwa uzito, ongezeko la gizani likatoweka. Nikamweleza kwa adabu, kwa mfano huo huo wa mchuzi, mbele ya wenzangu. Akaniuliza kama nilikuja chuoni kusoma au kupika. Fundi wa maabara akadakia kwamba binti mjuaji ataolewa na hadubini. Wakaangua kicheko wote, hata mwenzangu wa meza moja. Yule ndiye aliyenikata maini.

Kesho yake nikakuta chupa zangu za sampuli zimeoshwa, zinang'aa kwenye chanja. Profesa akasema alihitaji nafasi. Nafasi, Dada! Katika jokofu analowekea soda zake!

Nimezunguka vya kutosha. Leo asubuhi nimeondoa jina langu kwenye makala anayotaka kuchapisha kuhusu jibu lake. Akanikumbusha kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Nikamjibu kwamba basi avunje kwa vyake. Bila makala hiyo sina shahada mwaka huu, pengine hata mwakani. Joho unalonishonea likunje. Mama nitamwambia mwenyewe.

Lakini nisijifanye mshindi. Miche ya kwenye mwanga ilionyesha ongezeko hata kwa hesabu yangu, ila dogo mno kuliamini. Huenda Profesa amepata nusu ya ukweli kwa njia mbovu. Sampuli ambazo zingeamua zimekwenda na maji ya sinki, kwa hiyo sijui. Wala sijui kama nilikataa kwa ajili ya ukweli au kwa sababu nilidhalilishwa. Hasira haijaniachia nafasi ya kujipima.

Wabusu wanao, na shemeji mpe salamu zake.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba