Posa ya Mwanao Iguguno

Dada yangu, shikamoo. Assalaam alaykum. Mguu unaendeleaje? Sisi tuko salama hapa Iguguno, ila upepo unatujaza vumbi mpaka kwenye chai. Kuku wa huku, dada, ni watamu mno.

Sasa habari ya posa. Nilimwonya mwanao anyamaze, mshenga ni mimi. Nikasema vizuri kabisa kwamba ni mwalimu wa chuo kikuu, amesomea hesabu za maumbo na makundi mpaka Ulaya. Baba wa binti akauliza, "Siku hizi biashara huria, vijana wana mashine za kukamua alizeti. Hizo hesabu ni za kazi gani?"

Mwanao akadakia. Akasema yeye hajali sura ya kitu, anaangalia matundu yake tu. Kikombe kina tundu moja, pale pa kushikia, na pete ina moja. Kwa hiyo kwake ni kitu kimoja.

"Basi siku ya ndoa utamvisha binti yangu kikombe," mzee akasema. Wakacheka mpaka wa jikoni. Mimi nikawa naomba dua kimoyomoyo.

"Na kwa hilo wanakulipa?"

"Wananilipa, baba, ila kidogo."

Mzee akamtazama sana, kisha akanigeukia. "Mshenga, binti nimempa. Waliotangulia wote walijisifia magari. Huyu angekuwa mwongo, angetunga kitu cha kuaminika."

Mungu akuponye mguu, dada. Tafadhali nijibu upesi.

Mdogo wako,
Ramadhani