Samaki Ndani ya Tokboki

Mama,

Mama Mdogo hapokei simu yangu. Wiki ya tatu sasa tangu arudi kwake Columbus, napiga, inalia, inakatika. Bon, ana haki. Lakini yeye nilimwambia mbele ya watu. Wewe uliyekula, sijakuambia mpaka leo.

Hapa Buffalo theluji imeanza. Kile kitanda cha hospitali wamekuja kukichukua, na sebule imekuwa kubwa mno. Rebeka anafanya homework pale pale ulipokuwa unalala, na bado ananijibu kwa Kiingereza. Jana alikohoa, nikainuka mbio nikidhani ni wewe. Nimechoka kuinuka, Mama.

Unakumbuka jinsi dawa za kansa zilivyoua ulimi wako? Ugali ulisema ni udongo. Maziwa ya duka, wewe uliyelelewa na maziwa, uliyasukuma: "Haya ni maji walioshea chupa." Ukaisha mpaka pete ikawa inaanguka yenyewe. Halafu mjukuu wako Rebeka, na tamthilia zake za Kikorea kwenye simu, akapika tokboki: vile vijiti laini vya unga wa mchele, ndani ya mchuzi mwekundu wa pilipili na sukari. Kwao Wakorea vinauzwa kando ya barabara kama mahindi ya kuchoma kwetu. Ukaomba kuonja, sisi tukacheka. Ukala kimoja, ukala cha pili, ukatoka jasho puani. "Yesu wangu! Hii njo chakula. Ulimi yangu imefufuka!" Nilikimbilia jikoni nikalia huko.

Na huko jikoni ndipo nikaona paketi. Vile vipande bapa vya kahawia ulivyosema ni vitamu kama nyama, ni samaki wa kusagwa. Na supu yake, Rebeka alikuwa amechemsha ndagala kavu, wale samaki wadogo. Mtoto wa watu angejua nini? Amekulia hapa, hakuna aliyemwambia kwamba kwetu samaki ni mwiko. Kosa ni langu.

Maana mimi nilijua. Kule kambini Burundi jirani alituletea sahani ya ndagala, nasi watoto hatujala tangu jana yake. Ulimshukuru kwa mikono miwili, ukamrudishia. "Sisi watu ya milima, samaki hapana." Tukalala njaa, na wewe ukalala njaa kutuzidi.

Donc siku ya pili nilipika bila samaki. Ulionja, ukaweka kijiko. "Leo haina utamu." Siku ya tatu hukula kitu. Siku ya nne nilikwenda lile duka la Waasia nikanunua paketi mbili. Nilipika ukiwa umesinzia, madirisha wazi kwenye baridi ile, ili harufu itoke. Ukaniuliza, "Na iko nini ndani?" Nikasema mchele, Mama. Mchele na pilipili. Ukanibariki! Miezi miwili ulikula, ukanibariki kila sahani, nami nikaitikia amina.

Sasa, siku ya kumaliza kilio, desturi yetu unaijua: aliyemuuguza mtu husimama, akaeleza ugonjwa wote mpaka chakula cha mwisho. Wazee walikuja kutoka hata Louisville. Mama Mdogo, uliyemsifia tokboki kwenye simu kila Jumapili, alinilazimisha niipike kwa ajili ya watu wote. Nikapika sufuria kubwa, kama ulivyoipenda. Watu wakapakua. Nikasimama, nikatazama vijiko vikiwa mikononi mwao, na uongo ukanishinda. Nikasema, msile. Ndani mna samaki. Na Mama alikula, mimi ndiye niliyemficha.

Sahani ziliwekwa chini moja moja. Mama Mdogo akauliza, "Alikula akashiba?" Nikasema ndiyo. Akauliza tena, "Na hakujua?" Nikasema hakujua. Akajifunika uso na kitenge, akalia mpaka pasta akafunga maombi. Kesho yake asubuhi aliondoka bila kuniaga. Chakula chote nilikimwaga mimi.

Wao wamesema yao, wengine kwa maneno, wengine kwa kunyamaza. Wewe tu sijakusikia, na wewe tu ndiwe ninayekuhitaji. Sijutii kwamba ulikula, Mama, siwezi kukudanganya tena hata kwa hilo. Najuta kwamba ulinibariki bila kujua unabariki nini. Hiyo baraka sijui kama ni yangu. Nisamehe.

Pumzika, mama yangu, maumivu yamekwisha. Siku tutakapoonana, ukinikuta jikoni na wewe una njaa, nitakuambia kwanza kilichomo ndani ya sufuria. Ukisema hapana, sitabishana. Nitazima moto, nikae chini karibu yako, tuwe na njaa wote wawili.

Mwanao,
Furaha