Sehemu ya Tromboni ya Pili

Dar es Salaam, 5 Mei 2024

Kaka Yusto, shikamoo. Natumaini baridi ya huko haijawaonea, na shemeji Cornelia na watoto hawajambo. Mimi mzima, ila joto.

Kila nikipiga simu yako anapokea shemeji. "Yuko shambani." Mwaka mzima shambani? Basi naandika.

Nimepata kazi studio. Ni bendi ya hevi metali, vijana wa nywele ndefu, magitaa yananguruma kama mashine ya kusaga. Wanarekodi albamu, na wimbo mmoja unataka tromboni mbili, nzito, kama zetu tulipokuwa tukipiga mazishini na bendi ya parokia. Kiongozi wao, Loth, akaniuliza kama namjua mpigaji wa pili. Nikamwambia, "Namjua aliyenifundisha." Nauli ni juu yao. Njoo, kaka.

Mdogo wako,
Polikarp

Kaengesa, 30 Juni 2024

Mdogo wangu Poli, marahaba. Tunaendelea. Ulezi tumevuna, mahindi ndiyo tunayamalizia.

Barua yako nimekaa nayo wiki saba. Siji.

Mwaka jana, siku ile niliyokusindikiza stendi Sumbawanga ulipohamia huko, wakati wa kurudi bodaboda iliteleza, nikaangukia uso. Meno ya mbele yalikwenda yote. Mdomo wa juu ulishonwa, haushiki upepo wa kupuliza tromboni. Hata maneno yanatoka yamepinda, ndiyo maana simu sipokei. Cornelia nilimkataza asikwambie. Ungegeuza, na ndiyo kwanza ulikuwa unaondoka.

Usijilaumu. Nilitaka mwenyewe kukusindikiza.

Kaka yako,
Yusto

Dar es Salaam, 21 Julai 2024

Kaka, shikamoo. Sijui hata nikuulizeje hali.

Nimelia mle ndani ya chumba cha kurekodia mpaka fundi mitambo akatoka, akaniacha peke yangu. Sehemu ya kwanza nimepiga. Loth akasema, "Piga na ya pili, tutaziunganisha." Nikakataa. Nikaomba mahali pako pabaki kimya, kwa heshima yako. Wamekubali. Wimbo umo kwenye memori kadi, ndani ya bahasha.

Nisamehe, kaka.

Mdogo wako,
Polikarp

Kaengesa, 8 Septemba 2024

Poli, marahaba. Hapa wote wazima, Cornelia anakusalimu.

Wimbo tumeusikiliza sote. Makelele yale yalimtoa mama mkwe nje, lakini mimi nimeyapenda, yana hasira ya kweli. Tromboni yako ilipoingia Cornelia alinishika mkono. Kisha pale kwangu, kimya. Mwanangu Mary akasema, "Baba, simu imezima."

Heshima gani hiyo? Hivyo hufanyiwa marehemu. Mimi sijafa, Poli. Nimepoteza meno. Ukiniachia pengo namna ile, kila atakayesikiliza atakuwa ananizika.

Rudi studio, piga sehemu yangu. Usiipambe. Ingia umechelewa kidogo, na noti ya mwisho uishikilie mpaka kifua kianze kuuma. Ukiipiga vibaya, potelea mbali, mradi ipigwe.

Jumapili iliyopita niliirudisha tromboni yangu parokiani. Mwalimu Zephania, wa bendi, aliipokea. Nilidhani ningeumia kidogo. Niliumia sana, nikakaa nje mpaka misa ikaisha. Leo nimeingia, nikakaa benchi za katikati pamoja na watu wengine. Bendi ilipoanza, kanisa zima liliimba. Mimi sikuimba. Lakini sikutoka.

Kaka yako,
Yusto