Kadi Nyekundu kwa Kaka Brodus

Wolobela, Flores
9 Februari 2003

Kwako Kaka Brodus,

Salamu nyingi sana. Mimi sijambo. Mama hajambo, ila goti linamsumbua kila mvua ikinyesha, na huku mvua haijui kupumzika. Bapa anakohoa kama kawaida yake na tumbaku haachi. Natumaini huko ng'ambo, Sabah, u mzima, na kwamba michikichi haijakuvunja mgongo.

Najua hukutegemea barua yangu. Tangu fainali ya mpira ya Pasaka ya mwaka juzi, uliponitazama nikiwa na kadi nyekundu mkononi kana kwamba nimeshika nyoka, hatujasemezana. Ulipanda meli bila kuniaga. Lakini si hilo lililonifanya niandike.

Kaka, nimeomba ufadhili wa kusoma sheria chuoni Kupang. Mfuko mmoja wa kanisa unatoa nafasi moja tu kwa wilaya yetu. Wanataka nieleze uwezo wangu na kinachonisukuma, na mtu anayenifahamu vizuri, asiye mwalimu wangu, anisemee kwa barua; anwani yao nimeiandika nyuma. Padri alijitolea, nikakataa kwa heshima. Padri ananijua Jumapili. Wewe unanijua siku zote saba.

Mpaka sasa nimeandika hivi: "Mimi ni mchapakazi, mwenye nidhamu, mwaminifu na mpenda kujifunza." Inatosha? Usaili utakuwa mjini Ende, mwezi wa tano.

Mdogo wako,
Densi


Wolobela
6 Aprili 2003

Kaka,

Hujambo? Sisi wazima. Anselmus, yule jirani yetu, amerudi kutoka huko. Anasema barua ilikufikia, ukaisoma umesimama, ukaitia mfukoni, ukaenda kazini.

Basi nimejua. Nitamwomba Padri. Sikutaka tu ufikiri nilikuandikia kwa kuwa nina shida. Nilikuandikia kwa sababu niliambiwa nitaje anayenijua, na sikupata jina lingine.

Mdogo wako,
Densi


Kambini, Sabah
Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2003

Densi,

Mpe Mama na Bapa shikamoo zangu. Mimi mzima. Mkungu wa chikichi ulinidondokea mkononi, ndiyo maana nimechelewa kushika kalamu. Sasa nimepona, usimwambie Mama.

Kwanza tuliweke hili sawa: sikunawa. Mpira uligonga bega. Bega, Densi! Nitasema hivyo mpaka nizikwe. Tulikosa goli, tukakosa kombe, na yule nguruwe wa zawadi akaliwa na watu wa kijiji cha Malagase sisi tukinusa harufu.

Pili, hayo uliyoandika ni upuuzi. Mchapakazi! Hata nyati wa Bapa wa kulimia ni mchapakazi, tena kwa nidhamu anakushinda. Watampa yeye huo ufadhili.

Sasa sikiliza. Hapa kambini tuko watu wa kila mahali, Wabugis, Watoraja, Watimor. Jioni tukila, kila mtu ana kisa chake, na kisa changu ni wewe. Mwanzoni nilikisimulia kwa hasira ili wanionee huruma. Nikawaambia: refa aliugua, kipenga akapewa msichana wa miaka kumi na saba, mshika kibendera, na huyo msichana ni dada yangu wa tumbo moja. Dakika za mwisho nikafunga, yeye akapuliza, goli akalikataa. Nikamfokea mbele ya umati, "We Densi, umesahau unakula kwa nani?" Akaninyooshea kadi. Wolobela nzima inamtukana, Mama analia, mjomba anatafuta jiwe, na yeye kasimama palepale. Anaogopa, namwona. Lakini mkono haushuki.

Namaliza, nangoja pole. Mzee mmoja wa Kibugis, Daeng Rala, akaniuliza, "Ameolewa?" Mwingine akasema, "Laiti angekuwa yeye anayepima mikungu yetu hapa, tusingepunjwa!" Wakagonga sahani zao za bati. Tangu siku hiyo, mgeni akija tu, "Brodus, kile cha dada!" Nami nasimulia. Juzi nilifika pale kwenye mkono nikaisikia sauti yangu mwenyewe imebadilika. Nilikuwa najisifu, Densi. Kama vile mkono ule ni wangu.

Hayo yote nimewaandikia watu wa mfuko, na bega sikuliacha. Bahasha imekwenda na meli ya jana. Wewe futa ule upuuzi, waambie kwa nini unataka sheria. Maana hata mimi hujaniambia.

Kaka yako,
Brodus


Wolobela
30 Mei 2003

Kaka yangu mpendwa,

Habari ya mkono? Mama anajua. Aliisoma barua yako kabla yangu, kwa hiyo jitayarishe. Sisi hatujambo.

Usaili umepita. Walikuwa watatu nyuma ya meza: sista mmoja mzee, mwalimu wa chuo, na mwanasheria mwenye miwani. Huyo wa miwani ndiye aliyeanza.

"Kaka yako anasema ulikosea."

"Ndiyo, anasema."

"Ulikosea?"

Nikamjibu, "Kadi sina shaka nayo, alinifokea. Goli nimeliwaza miaka miwili. Niliona mkono, nikapuliza nilichokiona. Watu wengi waliniambia nimekosea, lakini hapakuwa na hata mmoja ambaye ningeweza kumuuliza aliona nini, maana wote walikuwa na upande."

"Na hilo lina uhusiano gani na sheria?"

Ndipo nikawaeleza jambo ambalo wewe hulijui, maana ulikuwa umeshaondoka. Koo mbili za Malagase ziligombania mpaka wa shamba la kahawa. Wazee wao walikuja wakakaa barazani kwetu, wakamwambia Bapa, "Tunamtaka yule aliyemtoa kaka yake." Bapa alidhani wanatania. Nilikwenda nao, nikawasikiliza mpaka jua likazama. Na kumbe wote walisema kweli! Huyu alipewa na babu, yule aliuziwa na mtoto wa babu huyohuyo. Nikashindwa kuamua. Kesi ikaenda mahakamani Bajawa, nami nikafuatana nao. Mjane wa ukoo mmoja alikuwa akiitikia kila anachoambiwa, ndiyo, ndiyo. Tulipotoka akanishika mlangoni, akaninong'oneza, "Nona, binti yangu, nimeshinda au nimeshindwa?"

Kaka, watu wazima walinifuata nyumbani wakiniamini, na mimi sikujua hata hilo.

Nikawaambia wale watatu, "Kuaminiwa ninako. Sasa nataka ujuzi, ili siku nyingine mtu akiniuliza vile, nimjibu."

Mwalimu wa chuo akasema, "Taja uwezo wako mmoja, usioandikwa na kaka yako."

"Mimi ni mwoga sana," nikasema. "Ila nikiogopa, sikimbii."

Sista alicheka mpaka akakohoa. Wa miwani hakucheka. Majibu yatatoka Agosti. Mama anasali. Bapa anajifanya hajali, kisha kila asubuhi anapita posta.

Mdogo wako,
Densi


Kambini, Sabah
17 Agosti 2003

Densi, Densi, Densi!

Hujambo? Lakini kwa nini nikuulize, najua hujambo! Bapa alipiga simu duka la kambi jana mchana. Alikuwa anapiga kelele kana kwamba hakuna waya kati yetu: "Amepata! Mwanangu amepata!" Kisha akaanza kukohoa, pesa ya simu ikaisha. Nikasimama pale na mkonga wa simu mkononi nikijiuliza umepata nini. Nilidhani mume. Ikabidi nimpigie Padri.

Nafasi moja, wilaya nzima, na jina ni lako. Niliwaambia wenzangu tukiwa bado shambani, miti imetuzunguka. Nilitaka kusema vizuri, sikuweza. Daeng Rala alinichukulia mundu mkononi akaniketisha chini kama mtoto. Jioni amechinja jogoo wawili, Watoraja wameimba, na mimi nimetakiwa nihutubie. Nimesema maneno matatu tu, "Ni dada yangu," nikakaa.

Ukifika Kupang usiwaogope watoto wa mjini. Watakuwa wamesoma vitabu ambavyo hujaviona. Visome. Ukikwama, uliza bila haya. Na umwandikie Mama mapema kuliko mimi nilivyokuwa nikimwandikia.

Hapa sasa jina langu limepotea. Hawaniiti Brodus tena, wananiita Kaka wa Hakimu. Nawaambia, jamani bado, hata darasani hajaingia, ana miaka ya kusoma. Hawasikii. Leo asubuhi msimamizi mgeni amenikuta kwenye foleni ya chai, akaniuliza jina.

Nimemwambia hilohilo la pili.

Kaka yako