Mkono wa Mwalimu wa Kwaya

Leipzig, 12 Januari 2025

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Habari za nyumbani Poli, na migomba, na mdogo wangu Elinipa? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imenishika masikio. Sijui mkono wako unaendeleaje, maana Elinipa nikimuuliza hujibu "anaendelea vizuri," na huyo hata nyumba ikiungua atasema inaendelea vizuri.

Mchungaji Elirehema, aliyekuja huku mkutanoni, amekubali kukuletea mzigo wangu. Ndani kuna miwani mikubwa kama ya fundi wa kuchomelea, na vikanda vya kufunga mikononi na miguuni. Vikanda vinasoma mwendo wa mwili. Ukivaa miwani unajiona uko mahali pengine, na mikono yako inakufuata hukohuko. Hapa ninapojifunza kuwarudishia wagonjwa nguvu kwa mazoezi, tunavitumia kila siku. Kuna bibi aliyevunjika bega, mkono alikataa kabisa kuunyoosha mbele ya daktari, lakini kwenye miwani anatupa ndoana ziwani asubuhi nzima na kulalamika samaki ni wadogo. Sisi wanafunzi pia vinatuonyesha tunavyoinama vibaya tunapomnyanyua mgonjwa. Wenye navyo nyumbani wanacheza muziki tu, wanatoka jasho.

Wewe sikukuwekea samaki. Nimekuwekea ukumbi na kibao cha kitabu cha nyimbo. Ongoza kwaya kila jioni, nami nitauona mwendo wako huku. Ila nisipoona mabadiliko hadi Pasaka, naacha masomo narudi kukuuguza.

Mwanao,
Penina

Poli, 2 Februari 2025

Mwanangu Penina,

Marahaba. Sisi hatujambo, Mungu ametuvusha mwezi. Naandika kwa kidole gumba cha kushoto kwenye simu ya Elinipa, kwa hiyo usinisahihishe. Kupigiana simu sitaki. Ulimi bado mzito tangu kiharusi, na sipendi uusikie hivyo.

Mzigo umefika. Elinipa aliponivisha, jirani akauliza geti ninalokwenda kuchomelea liko wapi. Ukumbi wako ni mzuri, mkubwa kuliko kanisa letu, na hakuna mtu anayechelewa mazoezi.

Unajua ninachotaka. Tulipomzika mama yako Agosti, nilikuwa kwenye kiti, mkono umelala mapajani kama mzigo wa mtu mwingine. Kwaya iliimba bila mwalimu. Maisha yake yote aliimba sauti ya alto mbele ya mkono huu, na siku yake haukunyanyuka. Agosti ijayo tunaweka msalaba kaburini kwake, pale migombani. Ubeti mmoja tu, Penina, kwa mkono wa kulia aliouzoea. Sidai zaidi.

Kuacha masomo usithubutu. Mama yako alikuwa akiringa nayo soko zima la Tengeru.

Ni mimi baba yako,
Naftali

Leipzig, 23 Machi 2025

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini mvua imeanza na kahawa imepata maji.

Kwa majuma kadhaa nilikuwa na furaha ya kunilewesha. Mkono wako wa kulia ulikuwa unapanda hadi begani, laini, haukwami. Niliwaita wenzangu waje kuuona. Jana nikavaa miwani yangu, nikasimama mbele ya kivuli chako niimbe kama zamani. Nikapotea. Nilianza tena, nikapotea tena.

Ni wewe uliyetufundisha tungali watoto: pigo la kwanza chini, la pili moyoni, la tatu nje, la nne juu. Mkono wa kulia, pigo la pili huja kifuani upande wa moyo. Huyu niliyemwona pigo lake la pili lilikwenda nje. Hakuna mwalimu wa kwaya anayepiga hivyo, labda awe amefunga kikanda cha kulia kwenye mkono wa kushoto.

Sina hasira, Baba. Nimelia tu. Kifunge mahali pake, tujue tulipo.

Mwanao,
Penina

Leipzig, 27 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo. Pasaka imepita na hujajibu. Elinipa anasema unaendelea vizuri. Ukumbi wako ni mtupu, kila jioni naingia, nakuta kibao cha kitabu peke yake.

Barua ya kuacha masomo nimeshaiandika. Sijaipeleka. Niandikie hata neno moja.

Penina

Poli, 11 Mei 2025

Mwanangu,

Marahaba. Sisi tu wazima wa mwili.

Ni kweli ulivyoona. Niliogopa utarudi. Na niliogopa zaidi kukiri kwamba mkono huu umekufa. Ndani ya ile miwani nilikuwa natazama chini, naona mkono wa kulia unaongoza, nami nikasahau kuwa ni uongo wangu mwenyewe. Ilikuwa raha, Penina.

Jana nilikifunga kikanda mkono wa kulia. Nikaimba kimoyomoyo wimbo wa maziko ya mama yako, beti zote. Niliukazia macho mkono ule. Haukusogea. Nimevua, nimemwambia Elinipa aviweke vitu vyako kabatini. Siku ya msalaba ataongoza Abdiel wa kwaya, ni kijana mwenye sikio zuri.

Ukitaka kurudi, rudi. Sina nguvu ya kukukataza.

Baba yako

Leipzig, 12 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Elinipa asifunge hilo kabati.

Nimeutazama mwendo wa juzi. Kwa jicho kweli hakuna kitu. Lakini kikanda kinasoma hata kisichoonekana, kwa hiyo nikaukuza. Mkono wako umesogea, Baba, upana wa punje ya kahawa. Chini, moyoni, nje, juu. Tena chini. Kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, haukupotea hata mara moja.

Haujafa. Ulikuwa unaongoza, sisi ndio tulikuwa hatuuoni.

Barua ile nimeichana. Jioni ya leo nakusubiri ukumbini.

Mwanao,
Penina

Poli, 17 Agosti 2025

Mwanangu Penina,

Marahaba, na salamu za wote waliofika. Mungu ametupa siku kavu.

Kikanda nilikivaa chini ya koti. Watu wakafikiri ni saa. Abdiel alisimama karibu yangu, tayari. Katika safu ya alto waliacha nafasi ya mama yako wazi, sikuwaomba, walifanya wenyewe. Nikaunyanyua mkono. Haukufika begani, uliishia kifuani. Lakini waliuona, wakaingia wote pamoja. Msalaba ulikuwa kushoto kwangu, kwa hiyo kila pigo la pili mkono ulikwenda kwake.

Ubeti mmoja. Kisha ukashuka wenyewe. Beti zilizobaki aliongoza Abdiel, nami nikakaa kitini nikawasikiliza. Nililia mbele ya watu na sikuona haya.

Hiki kidole gumba kimechoka. Soma vizuri.

Baba yako,
Naftali

Leipzig, 17 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo. Nilikuwepo.

Nilivaa miwani kabla hamjaanza. Ukumbi hauleti sauti, nilikuona wewe tu na mkono wako. Nikasimama kwenye nafasi ya Mama. Mkono uliposhuka sikujua kama wenzako wanaendelea au wamenyamaza, kwa hiyo niliimba alto yake peke yangu, hadi mwisho.

Mwanao,
Penina