Sauti Kwenye Mkokoteni

3 Machi

Bibi, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo, ingawa mume kumwamkia mkewe ni kujishusha. Presha inakusikiliza, au imekuwa kaidi kama wewe? Mimi mzima, nimenenepa hadi mkanda unalalamika.

Sasa kaa vizuri usije ukaanguka. Nimekuwa mtu mkubwa! Yule mwalimu aliyesema mdomo wangu hautanifikisha popote, mpe salamu: mdomo umenipa kazi. Tajiri wangu anauza dawa ya chupa. Inatibu presha, sukari, miguu, hata uvivu nadhani. Mimi ndiye sauti yake. Nilifungiwa chumba chenye magodoro ukutani, nikarekodi: "Nilikuwa siwezi kupanda ngazi! Nikatupa vidonge! Leo nakimbia!" Nilikohoa mpaka fundi mitambo akaniletea maji. Sasa natembezwa kwa spika kwenye mikokoteni miji yote, bado kwako tu.

Mjukuu wako,
Kasuku

20 Aprili

Kasuku mume wangu,

Marahaba. Mimi sijambo, miguu tu inauma ikiona vyombo vya kuosha.

Jana naanika nguo, nikasikia unapita barabarani. Nikaacha ndoo, nikatoka mbio, kumbe mkokoteni! Fundi cherehani wa jirani akasema si wewe. Nikamwambia, "Kikohozi kile nimekichua mafuta mimi, hata meno hajaota!" Mbona ulinificha kwamba uliumwa hivyo? Nimelia, kisha nikacheka kwa kuwa umepona. Nimenunua chupa. Vidonge vya zahanati nimevitupa chooni, kama ulivyofanya wewe.

Bibi yako

28 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Leo sina utani. Sikuumwa! Nilikuwa naigiza, maneno nilipewa. Baada ya barua yako nilikwenda stoo wanakojaza chupa. Ni maji, sukari iliyounguzwa na rangi, basi. Nilipomuuliza tajiri, akasema, "Kwani bibi yako amelalamika?"

Acha leo hii. Rudi zahanati wakupe vidonge vingine. Ningekuja mwenyewe, nimenyimwa ruhusa. Simu yako haiiti. Mpe fundi cherehani namba yangu, hiyo hapo chini. Tafadhali, Bibi.

Mjukuu wako

15 Mei

Kasuku,

Barua nimeipata. Hali si mbaya, kichwa tu kinagonga. Fundi namba nimempa.

Ila nimekaa nikawaza. Barua inasema niache. Wewe mwenyewe unapita hapa kila asubuhi unaniambia ninywe. Nimsikilize nani? Mwandiko wako wa kuku hata mtoto anaweza kuuiga, na wenye wivu na kazi yako hawakosekani. Tena hujawahi kuniandikia bila kunitania. Ile ilikuwa kavu, haikuwa yako. Sauti yako naijua, haiwezi kunidanganya. Jana nimenunua nyingine.

Bibi yako

2 Juni

Mke wangu,

Shikamoo, na pole. Nataka kukutania ili ujue ni mimi, utani wenyewe unagoma kutoka.

Fundi cherehani amenipigia. Umeanguka uani, upande wa kulia umelala, ulimi mzito. Nikaacha kazi palepale, nikaenda kwa wakaguzi wa dawa na chupa mkononi. Stoo wameifunga. Tajiri katoroka, mimi ndiye ninayehojiwa. Lakini mikokoteni bado inazunguka, Bibi. Mimi nimekaa kwenye benchi lao nasema kweli, na mimi huyohuyo niko barabarani nadanganya wazazi wa watu.

Nikawaomba kipaza sauti. Nimerekodi upya, humohumo ofisini, mlango unapiga kelele. Gari lao litapita mtaani kwako. Wakiniachia nakuja, hata nguo nitakufulia, ucheke wewe.

Fundi akusomee hii polepole.

Mjukuu wako,
Kasuku

19 Juni

Mume wangu,

Mkono wa kulia umekataa. Huu ni wa kushoto, usiucheke.

Gari lilipita. Fundi alinifungulia dirisha. Ulisema hukuumwa, ulisema watu warudishe chupa. Hukukohoa. Ulitetemeka, kama siku ile ulipovunja kioo changu ukaja kuniambia mwenyewe. Nikajua ni wewe.

Majirani wametoa chupa zao, wamezipanga barabarani. Yangu nimeshindwa kuinyanyua. Ipo hapa dirishani.

Njoo uitoe.

Bibi yako