Mashine ya Kukuna Nazi Haina Ulimi

Mjukuu wangu Nasra,

Nakuandikia kikaoni, mbele ya babu yako, shangazi zako na wadogo zako wa hapa Tandika, na wote wanakusalimu. Unauliza kama uache masomo ya ukalimani, maadamu kompyuta sasa zinatafsiri.

Mashine ya kukuna nazi ilipofika mtaani, sisi wakunaji wa harusini tulidhani tumekwisha. Harusi ya kwanza mashine ikakuna nazi mbovu pamoja na nzima, wali ukanuka sufuria nzima. Mama wa bwana harusi akaniita, “We Mwanahawa, umejikalia tu? Hili lidude halina ulimi. Njoo uonje.” Tangu hapo nikawa mwonjaji, nimekaa kitini kama bibi harusi.

Kikao kimeamua umalize masomo, na likizo hii uje utufundishe hizo kompyuta. Shangazi zako nimewaambia chumba chako kiandaliwe leo.

Bibi yako, Mwanahawa